Henry Dunant: Mtu Aliyegundua Kuwa Moyo Mwema Peke Yake Hautoshi

Kila mwaka tarehe 8 Mei, Msalaba Mwekundu huadhimisha siku yake duniani kote. Tarehe hiyo ni siku aliyozaliwa Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi ambaye wazo lake ndilo lililozaa chama hicho. Alama ya msalaba mwekundu wengi tunaijua, lakini mtu mwenyewe hatumjui sana.

Tumeona vyema kuyasimulia maisha yake hapa kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanaendesha vikundi vidogo vya hisani: vya kutunza wazee wasio na watoto, kulipia yatima sare za shule, au kusaidia familia zilizokumbwa na mafuriko. Mwendo wa vikundi hivi unafahamika. Siku ya kwanza wanajitokeza watu thelathini. Baada ya miezi sita wamebaki wanne, na wanne hao wamechoka. Mwenyekiti analalamika kwamba siku hizi watu hawana moyo.

Dunant aliliona tatizo hilo kwa siku chache tu mwaka 1859, katika mji mdogo wa Italia uliojaa majeruhi wa vita. Hakulalamika kuhusu mioyo ya watu. Alijiuliza ni nini kilichokosekana, na jibu alilopata limewafaa watu wa kujitolea hadi leo. Yeye mwenyewe, hata hivyo, lilimshinda katika mambo yake binafsi, na alilipa gharama kubwa.

Kijana wa Geneva

Henry Dunant alizaliwa Geneva mwaka 1828 katika familia ya Kikristo yenye uwezo. Baba yake alishughulika na yatima na watu waliotoka gerezani. Mama yake aliwahudumia wagonjwa na maskini. Kwa hiyo mtoto alikua akiona kwamba kumsaidia jirani ni kazi ya kawaida ya wiki, kama kwenda sokoni.

Shuleni hakufanya vizuri. Alama zake zilikuwa mbaya, na akiwa na miaka 21 aliacha masomo akaenda kujifunza kazi katika benki. Nje ya darasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye na rafiki zake walikuwa na kikundi chao kilichokutana kila Alhamisi kusoma Biblia na kuwasaidia maskini. Aliwatembelea pia wafungwa gerezani. Mwaka 1852 alianzisha tawi la Geneva la chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, na miaka mitatu baadaye alishiriki katika mkutano wa Paris ulioviunganisha vyama hivyo kuwa chama cha kimataifa.

Kipaji chake kilikuwa kuwaita watu. Aliandika barua nyingi sana kwa vijana wa miji mingine, akiwashawishi waanzishe vikundi na washikamane na wenzao. Hakungoja watu wajitokeze wenyewe. Alimwandikia kila mmoja kwa jina lake.

Safari ya kutafuta maji ya kinu

Benki ilimtuma Algeria, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Ufaransa. Huko akaona nafasi ya kutajirika, na mwaka 1856 akaanzisha kampuni ya kusaga ngano. Ndugu, jamaa na marafiki wa Geneva wakaweka fedha zao humo. Tatizo likawa ardhi na maji. Kinu kilihitaji vyote viwili, na maofisa wa kikoloni walikuwa wakimzungusha kila alipokwenda kuomba kibali.

Dunant akaamua kwenda kwa mkubwa mwenyewe, Kaisari Napoleon wa Tatu wa Ufaransa. Mwezi wa Juni 1859 Kaisari alikuwa kaskazini mwa Italia na jeshi lake, akishirikiana na jeshi la Sardinia kupigana na Austria. Dunant akafunga safari hadi huko, akiwa na suti nyeupe ya nchi za joto na karatasi za biashara yake.

Tarehe 24 Juni majeshi hayo yalikutana karibu na kijiji cha Solferino. Wanajeshi wapatao 300,000 walipigana kuanzia alfajiri hadi jioni. Siku ilipokwisha, watu karibu 40,000 walikuwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Dunant alifika jioni hiyo katika mji wa jirani unaoitwa Castiglione. Majeruhi waliletwa huko kwa maelfu, kwa mikokoteni, kwa nyumbu na kwa miguu yao wenyewe. Makanisa, shule, nyumba za watu na vibaraza vya barabarani vyote vilijaa.

Chakula kipo, mikono haipo

Jambo moja lilimuuma Dunant kuliko mengine, na baadaye aliliandika waziwazi. Katika mji ule maji hayakukosekana, na chakula kilikuwapo. Nyuzi za pamba za kufungia vidonda zilikuwapo pia. Hata hivyo watu walikuwa wakifa kwa kiu na njaa, na vidonda vilioza bila kufungwa, kwa sababu mikono ya kuvifikisha vitu hivyo kwa wahitaji haikutosha, na iliyokuwapo haikupangwa. Madaktari walikuwa wachache mno.

Mtu mmoja hawezi kuhudumia mji mzima. Dunant alichagua sehemu moja iliyoonekana kusahaulika zaidi, kanisa kubwa la mji. Ndani yake walilala karibu majeruhi 500, na wengine wapatao mia moja walikuwa nje kwenye majani makavu, wamefunikwa vipande vya turubai dhidi ya jua. Kisha akawaita watu.

Wanawake na wasichana wa mji walikuja. Aliwapa kazi iliyoeleweka: wengine wapite kwa kila majeruhi na chombo cha maji safi, wengine waoshe na kufunga vidonda. Watoto wa kiume wa mtaa walitumwa na ndoo kwenye chemchemi za karibu, kwenda na kurudi. Maji yalipokwisha kugawiwa, kikafuata kikombe cha mchuzi. Dereva wake wa gari la farasi alitumwa mji wa Brescia kununua ndimu, machungwa, sukari, mashati, sponji, bandeji na tumbaku. Wasafiri waliokuwa wakipita nao waliingizwa kazini. Hata mtu asiyejua kufunga kidonda aliweza kuandika barua ya majeruhi kwa mama yake.

Mwanzoni palikuwa na ugumu. Majeruhi walikuwa wa pande zote, Wafaransa, Waitalia na Waaustria, na ni kawaida mtu kuanza na wa kwao. Dunant hakuwatenga. Alikwenda kwa aliyekuwa karibu au aliyezidiwa, bila kuuliza alikuwa na jeshi gani. Wanawake walipomwona anafanya hivyo, nao wakafuata, wakasema kwamba wote ni ndugu. Alisaidia pia kuomba madaktari wa Austria waliotekwa waachiliwe ili wawatibu majeruhi. Wagonjwa walimwita bwana mwenye nguo nyeupe.

Alichokiona kuhusu watu wa kujitolea

Dunant aliangalia pia hali ya wasaidizi wenyewe, jambo ambalo viongozi wengi wa vikundi hulisahau.

Alikuwapo mfanyabiashara mmoja kutoka Neuchâtel, Uswisi. Kwa siku mbili mfululizo mtu huyu alifunga vidonda na kuwaandikia waliokuwa wakifa barua za kuwaaga jamaa zao. Alijitoa kwa nguvu zote hadi wenzake wakalazimika kumpunguza kasi kwa faida yake mwenyewe. Mbelgiji mmoja naye alipandwa na huruma kiasi kwamba walihofia atapata homa kali, ikabidi wamtulize.

Hawa walikuwa watu wema kabisa. Lakini hakuna aliyewatayarisha kwa ajili ya walichokutana nacho. Hapakuwa na zamu wala wa kuwapokea kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba mtu anayetoka kumshika mkono anayekufa anahitaji kukaa chini, kula na kulala. Kila mmoja alifanya alichoweza mahali alipojikuta, na nguvu zao zikatawanyika huku na huku.

Dunant akafikia mawazo mawili, na yote mawili aliyashikilia hadi mwisho. La kwanza ni kwamba wasaidizi mia chache waliokusanywa na kufundishwa kabla ya vita wangeokoa watu wengi waliokufa bure katika miji ile. La pili ni kwamba kazi kama hii haifai kuachiwa wa kulipwa peke yao. Aliona kuwa mara nyingi mhudumu wa hospitali anayefanya kwa ajili ya ujira tu hugeuka mkali, huchoka au huacha. Anayekuja kwa hiari huleta upole usionunulika, lakini upole huo unahitaji mafunzo na mpangilio ndipo umfikie mgonjwa.

Ruhusa ya ardhi na maji aliyoifuata Italia hakuipata. Alirudi nyumbani na jambo jingine kabisa kichwani.

Kitabu na kamati ya watu watano

Mwaka 1862 Dunant alichapisha kitabu kuhusu Solferino kwa fedha zake mwenyewe, nakala 1,600. Hakukipeleka dukani kwanza. Alikituma kwa wafalme, mawaziri, majenerali na watu wenye sauti katika Ulaya. Mwishoni aliweka maombi mawili. Kila nchi ianzishe, wakati wa amani, chama cha watu wa kujitolea wa kuwahudumia majeruhi. Na mataifa yakubaliane kwa mkataba kuwalinda majeruhi na wanaowahudumia.

Kitabu kikamfikia Gustave Moynier, mwanasheria wa Geneva aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ustawi wa jamii cha mji huo. Moynier alikuwa kinyume cha Dunant kwa tabia. Dunant aliona mbali na kuwasha watu moto. Moynier alipanga ajenda, akaandika kanuni na kufuatilia kila azimio. Mwezi wa Februari 1863 ikaundwa kamati ya watu watano: Dunant akiwa katibu, Moynier, Jenerali Guillaume-Henri Dufour, na madaktari wawili, Louis Appia na Théodore Maunoir.

Tazama mchanganyiko wa kamati hiyo. Alikuwamo mwenye wazo, mwanasheria, mwanajeshi aliyejua jinsi majeshi yanavyofikiri, na waganga wawili waliojua vidonda. Walikuwa watano tu, na hakuna aliyewekwa ili kujaza kiti.

Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo waliitisha mkutano Geneva, na wajumbe kutoka nchi 16 wakahudhuria. Maazimio yao yalikuwa mafupi, na ukiyasoma leo ni kama mwongozo wa kuendesha watu wa kujitolea. Kila nchi iwe na kamati. Wakati wa amani kamati hiyo iandae vifaa na iwafundishe wauguzi wa kujitolea. Wakati wa vita watu wake waende pale jeshi linapowaita, na wawe chini ya uongozi wa jeshi, ili wasivurugane na madaktari. Kamati inayowatuma iwape kila kitu cha kujikimu. Na wote wavae alama moja: kitambaa cheupe mkononi chenye msalaba mwekundu.

Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wenye vifungu 10. Mapema mwaka huo, katika vita vya Denmark na majirani zake, kamati ilikuwa imekwisha kutuma wajumbe wawili wakiwa na kitambaa hicho mkononi, mmoja kila upande.

Mgawanyiko ndani ya kamati

Haya yote hayakwenda bila msuguano. Mwaka 1863, kabla ya mkutano wa Oktoba, Dunant alikuwa Berlin kwenye mkutano wa wataalamu wa takwimu. Akiwa huko alichapisha na kusambaza waraka wenye pendekezo jipya, kwamba wahudumu wa majeruhi watambuliwe kuwa hawana upande vitani. Alifanya hivyo bila kuwauliza wenzake wa Geneva.

Wazo lilikuwa zuri, na baadaye likawa nguzo ya mkataba. Lakini Moynier alikasirika. Kwake katibu hawezi kuzungumza kwa jina la kamati jambo ambalo kamati haijalijadili. Dunant kwa upande wake aliona kwamba nafasi ikipita hairudi. Kila mmoja alikuwa na hoja, na tangu hapo hawakuaminiana tena.

Wengi tumeona jambo hili katika vikundi vyetu. Mwanzilishi anaona kikundi ni mtoto wake, na mwenye daftari anaona kikundi ni kanuni. Wakizungumza mapema, kila mmoja humfaa mwenzake. Wakinyamaziana, kitakachowatenganisha kitakuja kutoka pembeni.

Kuanguka

Kilichokuja kutoka pembeni ni deni. Miaka yote ambayo Dunant alizunguka Ulaya kwa ajili ya majeruhi, kampuni yake ya Algeria ilikuwa ikizama. Mwaka 1867 ilianguka, na benki ya Geneva ambayo alikuwa mmoja wa wakurugenzi wake ikaanguka nayo. Deni lake lilifika karibu faranga milioni moja. Waliopoteza walikuwa watu wa nyumbani: jamaa, marafiki, majirani waliomwamini. Mwaka 1868 mahakama ya biashara ya Geneva ilimtia hatiani kwa udanganyifu katika kufilisika huko.

Geneva ulikuwa mji uliolipa heshima kubwa jina safi katika fedha. Dunant alilazimika kujiuzulu ukatibu, kisha akaondolewa kabisa kwenye kamati aliyoianzisha. Aliuacha mji wake akiwa na umri wa miaka 38, na hakurudi tena maisha yake yote.

Hakuna sababu ya kumtetea kwa hilo. Fedha za watu ni amana, na wema wa mtu mahali pengine haulipi deni. Aliyehimiza wenzake wajiandae kabla ya balaa hakuiandaa biashara yake mwenyewe, wala hakumkabidhi mtu mwingine aiangalie alipokuwa safarini.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Mjini Paris alifikia hali ya kula kipande cha mkate barabarani, kupaka wino koti lililochakaa lisionekane kuukuu, na chaki kwenye kola ya shati ionekane nyeupe. Usiku mwingine alilala nje. Huku akihangaika hivyo, Msalaba Mwekundu ulizidi kuenea nchi baada ya nchi, na Moynier akaendelea kuongoza kamati ya Geneva kwa zaidi ya miaka 40.

Mzee wa Heiden

Mwaka 1887 Dunant alifika Heiden, kijiji cha Uswisi cha mlimani, akiwa mgonjwa. Mwaka 1892 alihamia katika hospitali ndogo ya hapo, na chumba chake kikawa nyumbani kwake kwa miaka 18. Watu wengi walidhani amekwisha kufa. Mwaka 1895 mwandishi wa habari wa Kiswisi, Georg Baumberger, alimtembelea na kuandika habari zake, nazo zikazunguka Ulaya. Barua na misaada vikaanza kumiminika.

Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Amani ilitolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Waligawana wawili, Henry Dunant na Mfaransa Frédéric Passy, mpigania amani. Kamati ya Geneva iliyomwondoa ilimtumia salamu za pongezi. Fedha zake ziliwekwa Norwei ili wadai wake wasizichukue. Mwenyewe hakuzigusa. Aliendelea kuishi chumbani mwake, na katika wosia aliacha fedha za kuwezesha kitanda kimoja cha bure Heiden kwa ajili ya wagonjwa maskini wa kijiji, na nyingine kwa kazi za hisani.

Moynier alifariki mwezi wa Agosti 1910. Dunant alimfuata tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Hawakupatana. Dunant alizikwa Zürich bila sherehe, kama alivyotaka mwenyewe.

Kazi yao ilibaki na kuenea. Tanganyika ilipata chama chake cha Msalaba Mwekundu kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na Kenya mwaka 1965. Kijana anayemfunga bandeji majeruhi wa ajali ya barabarani, au anayegawa mablanketi baada ya mafuriko, anafanya kazi iliyoanzia katika kanisa la Castiglione. Tofauti ni kwamba yeye amefundishwa kwanza.

Kwa kikundi chako

Ukitazama maisha haya kwa macho ya mtu anayeongoza kikundi kidogo, kuna mambo ya kubeba nyumbani.

Ita watu kwa kazi, usiwaite kwa ujumla tu. Tangazo la kusema tunahitaji watu wa kujitolea halimwambii mtu chochote. Dunant alimpa mtoto ndoo na kumwonyesha chemchemi. Ukimwambia jirani kwamba unamhitaji Jumanne asubuhi, saa mbili, kumpeleka bibi fulani zahanati, atajua kama anaweza au hawezi. Na mwendee mwenyewe, umwite kwa jina.

Anza mahali padogo. Mji ulikuwa umejaa majeruhi, yeye akachukua kanisa moja. Kikundi cha watu kumi kikiahidi kata nzima kitavunjika moyo. Kikichukua nyumba sita za wazee na kuzihudumia kila wiki, watu wataiona kazi na wengine watajiunga.

Fundisha kabla ya shida. Mafuriko yakishaingia hakuna muda wa darasa. Saa mbili za mafunzo ya huduma ya kwanza wakati wa kiangazi zina thamani kuliko hotuba nyingi siku ya maafa.

Mtu anayejitolea hatoi ruhusa ya kumalizwa. Mkutano wa 1863 ulisema anayewatuma ndiye awape cha kujikimu. Kwa kikundi cha kijijini hii ni nauli, kikombe cha uji, mabuti ya mvua, salio la simu. Mtu akitumia fedha yake ya unga kila anapokuja kusaidia, usishangae akiacha kuja.

Pangeni zamu, na mwangalie anayejitoa kupita kiasi. Mfanyabiashara wa Neuchâtel hakuwa mvivu, alikuwa kinyume chake, na ndiyo maana alihitaji kuzuiwa. Katika kila kikundi yupo mmoja asiyesema hapana. Huyo ndiye atakayeugua kwanza. Mpe siku ya kupumzika kabla hajaiomba.

Anayeongoza awe wa kwanza kufanya anachotaka kifanywe. Wanawake wa Castiglione waliacha kubagua majeruhi kwa kumtazama Dunant akifanya hivyo, kabla ya kanuni yoyote kuandikwa.

Daftari la fedha lisiwe la mtu mmoja. Mwanzilishi mwenye maono apate mwenzake anayependa hesabu, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Hilo linamlinda mwanzilishi pia. Dunant angekuwa na mtu wa kumwonyesha mapema kwamba kampuni inazama, huenda Geneva isingempoteza.

Na la mwisho ni namna ya kuagana. Kamati ilikuwa na haki ya kumwondoa mtu aliyepoteza fedha za watu. Lakini zaidi ya miaka 20 ilipita kabla mtu hajauliza yuko wapi na anakula nini. Anayetoka kwenye kikundi chako, kwa uchovu, kwa ugonjwa au hata kwa kosa, bado aliteka maji siku ile watu walipokuwa na kiu. Apokewe makabidhiano yake, ashukuriwe kwa alichofanya, na siku moja apite mtu nyumbani kwake kumjulia hali.